Majina Yasiyoandikwa Jiweni

(Mazungumzo ya asubuhi redioni, yaliyochapishwa kwa ajili ya wasomaji wetu)

  

Leo nataka tusafiri pamoja katika njia ambayo mimi huipita mara nyingi. Ukivuka kivuko cha Likoni na kuelekea kusini, utapita Waa na Tiwi hata ufike Ukunda, na huko kushoto kwako ni Diani na mahoteli yake. Ukiendelea utapita Gazi, Msambweni na Ramisi, mpaka Lunga Lunga. Na kutoka hapo njia nyingine hushuka hadi Vanga, mji wetu wa mwisho kabla ya kuingia Tanzania. Ni njia ya minazi na miembe na mikorosho. Mgeni akiipita husema, hii ni nchi ya amani.

Siku moja nilikuwa nikifundisha watoto wa kipaimara, na mmoja wao, msichana mdogo, akaniuliza, "Mchungaji, tumesoma shuleni kwamba Wajerumani na Waingereza walipigana hapa kwetu. Je, wale waliokufa wako wapi?" Nilimjibu kama tunavyojibu sisi watu wazima tusipokuwa na jibu: nilimwambia tutazungumza wiki ijayo. Lakini swali lile halikuniacha. Leo, ndugu msikilizaji, nataka kulijibu kadiri niwezavyo.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi nchi hii ilivyokatwa vipande viwili. Mwaka 1886, huko Ulaya, Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi zetu. Mstari wao ulianzia penye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaenda bara kuelekea Kilimanjaro. Mapatano ya mwaka 1890 yakauthibitisha. Sasa fikiri: Wadigo walikuwa wakikaa tangu Likoni hata kupita Tanga. Wasegeju nao walikuwa na vijiji vyao huku na huku. Mtu alikuwa na shamba upande huu na mjomba upande ule. Alioa huku, alizika kule. Asubuhi moja akaambiwa kwamba mjomba wake ni mtu wa Kaisari wa Ujerumani, na yeye ni mtu wa Malkia wa Uingereza. Hakuna aliyemwuliza.

Miaka 28 baadaye, Agosti 1914, wakubwa hao waligombana huko kwao, na ugomvi ukaletwa hapa. Mwezi wa Septemba majeshi ya Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, yalivuka mpaka yakapanda pwani kwa nia ya kufika Mombasa. Njia yao ilikuwa hii hii yetu. Waliokwenda kuwazuia ni kikosi cha Waarabu wa pwani kilichoongozwa na Mwingereza aliyeitwa Arthur Wavell, na kwa muda kikosi hicho kilipigana nao karibu na Majoreni. Baadaye walikuja askari wa Kihindi na askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya. Mwezi wa Oktoba 1914 Wajerumani waliishambulia Gazi wakarudishwa nyuma. Wavell mwenyewe aliuawa Januari 1916 huko Mwele, ndani ya Kwale yetu.

Angalieni basi ni nani waliokuwa wakipigana. Maafisa wachache walikuwa Wazungu. Lakini askari wa Mjerumani walikuwa Waafrika, na wengi wa askari wa Mwingereza walikuwa Waafrika, Waarabu wa pwani na Wahindi. Waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa Waafrika. Amri zilipotolewa kwa Kiswahili upande huu, zilisikika kwa Kiswahili upande ule. Vitabu huita vita hivyo Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini kwa Mdigo na Msegeju, je, havikuwa vita vya ndugu kwa ndugu? Wazee walisema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyika. Hapa nyika zenyewe zilifungwa mikanda, zikapewa bunduki, zikaambiwa zipigane.

Vita vikali kuliko vyote hapa mpakani vilipiganwa Jasini, mwendo mfupi kusini ya Vanga, penye mashamba ya mkonge. Waingereza walikuwa wamepateka wakaweka hapo ngome ya askari wa Kihindi. Tarehe 18 Januari 1915 jemadari wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwashambulia kwa nguvu nyingi. Kanali Raghbir Singh, mkuu wa askari wa Kashmir, aliuawa humo. Kesho yake asubuhi, risasi zilipokwisha, walinzi wa ngome walijisalimisha. Von Lettow-Vorbeck alishinda, lakini alipoteza maafisa wengi na risasi nyingi mno, hata tangu siku hiyo akaamua kuepuka mapigano makubwa ya namna hiyo.

Kuna jambo moja la Jasini ambalo husimuliwa sana. Ngome ilipoanguka, von Lettow-Vorbeck aliwasifu maafisa wawili wa Kiingereza kwa ushujaa wao, kisha akawarudishia panga zao. Ni tendo la heshima, na mimi silidharau. Adui alimheshimu adui. Lakini nikiisoma habari hiyo najiuliza: panga za maafisa wawili zilirudishwa kwa wenyewe, na majina yao yakaandikwa vitabuni. Je, mpagazi aliyeanguka kwenye mkonge ule, aliyekuwa na jembe tu nyumbani kwake, alirudishiwa nini? Na mama yake aliambiwa na nani?

Sasa twende kwenye swali la yule msichana: wako wapi?

Ukienda Tanga utakuta mawe. Mji ule ulipiganiwa Novemba 1914, na Waingereza walishindwa vibaya. Upande wa Wajerumani wana makaburi yao na jiwe lao, linalowakumbuka maafisa wao pamoja na askari wao Waafrika. Upande wa Waingereza wana uwanja wao wa kumbukumbu, kwa ajili ya Wahindi wengi walioanguka siku zile. Katika mji mmoja, waliouana wana kumbukumbu zao, ila kila upande una uwanja wake.

Ukirudi Mombasa, katika barabara ya Jomo Kenyatta, utaiona sanamu ya Askari, ya shaba nyeusi. Ilisimamishwa mwaka 1927, na nyingine za namna hiyo ziko Nairobi na Dar es Salaam. Sanamu hizo zinawakumbuka askari Waafrika na wapagazi wa upande wa Mwingereza, na maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Ni kazi nzuri. Lakini ulizunguke jiwe lile mara saba, hutaona jina la mtu hata mmoja. Wakubwa waliosimamia makaburi ya vita waliamua kwamba Mzungu apate jiwe lake na jina lake, na Waafrika kwa maelfu wapate sanamu moja ya wote.

Tena, ile ya Dar es Salaam imesimama mahali palipokuwa na sanamu nyingine. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha hapo Hermann von Wissmann, gavana wao, juu ya nguzo, na chini ya miguu yake askari Mwafrika. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, waliiondoa. Baadaye ilipelekwa Ujerumani, ikawekwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaja kuiangusha katika miaka ya 1967 na 1968. Ndivyo ilivyo desturi ya dunia: anayeshinda hung'oa jiwe la aliyeshindwa na kuweka lake.

Na wapagazi? Neno Kariakoo, ambalo leo ni soko, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi wa mizigo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kosa lake. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi. Lakini miaka mia moja ilikuwa imekwisha kupita, na akina mama waliokuwa wakingoja habari walikuwa wamekwisha kufa.

Hata hivyo nataka kuwaonyesha mahali pamoja penye faraja. Kule Dar es Salaam, mwaka 1968, ilihitajika kujengwa barabara mpya, na makaburi 660 ya vita vile yaliyokuwa Ocean Road yakawa njiani. Basi yakahamishwa, na kwa ajili hiyo ukatengenezwa uwanja mpya wa makaburi ya vita. Humo, pamoja na watu wa upande wa Mwingereza, wamo Wabelgiji, na wamo Wajerumani. Waliowindana porini kwa miaka minne leo wamelala ndani ya ua mmoja, na mfanyakazi yule yule huwafyekea wote majani. Ilibidi barabara ipite ndipo makaburi yale yafikiriwe upya. Labda na sisi tunahitaji barabara ipite mahali fulani mioyoni mwetu.

Maana, ndugu zangu, sikuanza mazungumzo haya kwa ajili ya mwaka 1914 tu. Njia yetu hii ilimwaga damu tena, na safari hii hapakuwa na Mjerumani wala Mwingereza. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la vijana lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi na kuchukua bunduki. Kisha watu waliotoka bara wakaanza kuwindwa, Likoni, Ukunda, Diani, Tiwi na kwingineko. Nyumba na vibanda vilichomwa. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, na makumi ya maelfu wakakimbia. Wengi walijificha katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Halafu ikaja zamu ya upande wa pili. Vijana wa Kidigo walikamatwa kwa wingi, wenye hatia na wasio na hatia, na wengine waliteswa. Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka 1998 ilisikiliza mengi ya hayo, na ripoti yake ikatolewa kwa watu mwaka 2002. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa shule. Naikumbuka harufu ya makuti yaliyoungua.

Kanisani kwetu huwa tunawakumbuka wafu wetu wa mwaka ule kila Agosti. Ninasoma majina, kengele inagongwa, tunaomba. Miaka mitatu iliyopita, siku chache kabla ya ibada hiyo, alinijia mama mmoja mjane. Mume wake, fundi seremala kutoka bara, aliuawa katika juma lile. Alinipa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake palikuwa na jina moja, jina la Kiislamu. Akaniambia, "Mchungaji, huyu ni mtoto wa jirani yangu. Alichukuliwa usiku na watu wenye bunduki, akarudishwa akiwa amevunjwa, akafa. Mama yake ndiye aliyenificha mimi na watoto wangu chini ya kitanda. Ukisoma jina la mume wangu, soma na la huyu."

Nililipeleka jambo hilo kwa wazee wa kanisa. Mzee mmoja ninayempenda sana alisimama akitetemeka. Alisema, "Baba Mchungaji, mimi nilichomewa nyumba. Nani ajuaye kijana huyo alikuwa wapi usiku ule? Likisomwa jina la mtu wa upande ule, mimi nitatoka nje." Wazee wakanyamaza.

Basi, wapenzi, nakiri mbele yenu. Mwaka ule sikulisoma. Wala mwaka uliofuata. Nilisema ni kwa ajili ya umoja wa kanisa. Yule mama hakunilaumu. Alikuja ibadani, akakaa mahali pake, jina la mume wake likasomwa, akainamisha kichwa. Nami nilijua kwamba karatasi ile imo ndani ya Biblia yangu, haijasomwa.

Nilipokuwa chuo cha theolojia tulisoma habari ya Rispa binti Aya, katika Samweli wa Pili, mlango wa 21. Nilifaulu mtihani wake, lakini sikuielewa. Palikuwa na njaa miaka mitatu katika nchi, kwa sababu ya damu ambayo Sauli aliimwaga. Watu saba wa nyumba ya Sauli wakatolewa, wakauawa mlimani, na maiti zao zikaachwa. Ndipo Rispa akatwaa nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno hata mvua iliponyesha. Mchana aliwafukuza ndege, na usiku aliwafukuza wanyama.

Sasa sikilizeni neno ambalo mtihani haukuniuliza. Katika wale saba, wana wa Rispa walikuwa wawili tu. Watano walikuwa wa mwanamke mwingine. Lakini ndege alipotua juu ya maiti, Rispa hakuangalia kwanza kama ni mtoto wake. Aliwalinda wote saba.

Habari zikamfikia mfalme Daudi. Daudi alikuwa na kila sababu ya kumchukia Sauli; alikuwa ametupiwa mkuki na Sauli, amewindwa naye milimani kama kware. Lakini aliona haya mbele ya mama yule. Akaenda akaichukua mifupa ya Sauli na ya Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, akaikusanya na mifupa ya wale saba, wakazikwa katika nchi ya Benyamini, penye kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Na baada ya hayo, ndivyo tunavyosoma, Mungu aliyasikia maombi kwa ajili ya nchi ile.

Jihadharini tusielewe vibaya. Kumtaja mfu si kulihalalisha tendo lake. Daudi hakusema kwamba Sauli alikuwa na haki. Aliyeua aliua, aliyechoma alichoma, aliyetesa alitesa, na mwenye kutuma wengine wafanye hayo atajibu, hapa au mbele ya kiti cha hukumu. Yule mzee wangu ana haki ya kulia, wala mimi sitamwambia asahau. Lakini jiwe lenye majina ya upande mmoja tu husema nusu ya habari, na mtoto anayekua akilisoma nusu hiyo atajifunza kumchukia jirani ambaye hajamkosea. Jiwe lenye pande mbili humfundisha neno zito zaidi: kwamba watu wa njia moja, wanaochota maji kisima kimoja, waliweza kufanya haya, na kwa hiyo wanaweza kuyafanya tena.

Yule msichana wa kipaimara, nilimjibu hatimaye. Nilimwambia, wengine wako Tanga chini ya mawe mawili. Wengine wako Dar es Salaam ndani ya ua mmoja. Wengi wako chini ya mkonge na minazi, na hakuna mtu ajuaye majina yao, ila Mungu ajuaye. Wa mwaka 1914 tumechelewa kuwauliza majina. Lakini wa mwaka 1997, mama zao wangali hai. Twaweza kuwauliza leo.

Agosti inakaribia. Nimemtembelea yule mzee nyumbani kwake mara nne. Mara ya nne alinikaribisha chai, lakini bado hajakubali. Nimemwambia kwamba safari hii nitalisoma jina lile, na kwamba akitoka nje, baada ya ibada nitamfuata nikae naye huko huko nje, chini ya mwembe. Hakunijibu neno. Nimekwenda pia kwa mama wa yule kijana, nikamwomba ruhusa, kwa maana jina ni la mwanawe, si langu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akanisahihisha jinsi ya kulitamka.

Niombeeni, wapenzi wasikilizaji. Na wewe, huko uliko, labda unayo karatasi yako iliyokunjwa, yenye jina usilotaka kulisoma. Ifungue leo.

Tuombe. Ee Mungu, unayewajua wote waliolala katika nchi hii, wa upande huu na wa upande ule, utupe moyo wa Rispa, tusiwachague wafu wetu. Uwaponye walio hai. Uilinde njia yetu, tangu Likoni hata Vanga, isinywe damu tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Hadi juma lijalo, Mungu akipenda, nawatakieni siku njema.